Mguu wa Kujaribia Viatu

Kiatu kilitua mezani kabla ya salamu. Kiligonga kopo la misumari, kopo likapinduka, na misumari ikatawanyika mpaka chini ya benchi walikokaa wateja wakisubiri zamu zao.

"Fundi, mimi nilikuletea kiatu ukishone au nilikuletea mguu wangu uuchinje?"

Aliyeuliza alikuwa matroni wa bweni la wasichana, mwanamke mwenye mwili wake na sauti yake, sauti iliyozoea kuamsha bweni zima bila kengele. Fundi aliinua macho taratibu. Mtaa mzima ulimwita Soli, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake, maana hili alilipata kwa jasho. Alikuwa fundi kweli, tena fundi mwenye mdomo. Ukimletea kiatu kilichochoka, atakigeuza huku na huku mbele za watu, atatikisa kichwa, kisha atakwambia, "Hiki hakitaki fundi, kinataka sanda." Watu walicheka, wakalipa, wakarudi.

"Karibu, matroni," alisema. "Kimefanya nini kiatu chako?"

"Kina msumari! Nimefika nacho bwenini nikadhani nimekanyaga nyuki."

"Haiwezekani."

"Haiwezekani? Kwa hiyo mimi mwongo?"

"Sijakuita mwongo, dada yangu. Nasema haiwezekani. Hakuna kiatu kinachotoka hapa kabla hakijapita kwenye mguu huu." Akajipiga paja la kulia.

Na kweli ndivyo alivyofanya kazi. Mafundi wengine wakishapiga misumari huingiza mkono ndani ya kiatu, wakapapasa, basi. Soli aliwadharau. Marehemu aliyemfundisha ufundi alimwambia kwamba mkono hauna uzito. Msumari mjanja hujificha chini ya ngozi ya ndani, ukamngoja mwenye kiatu asimame, ndipo uchomoze. Dawa yake ni kukivaa kiatu bila soksi, usimame, uzunguke meza. Soli alijaliwa miguu midogo kwa mwanamume, kwa hiyo viatu vingi vilimwingia, vya kike na vya kiume, na kile kisichomwingia alikikanyagia kwa nusu ya mbele. Mguu huo ulikuwa fahari yake. Alizoea kusema kwamba mdomo wake huenda ukaongeza chumvi, lakini mguu wake wa kulia haujawahi kusema uongo.

"Basi kijaribu hapa hapa," alisema matroni, mikono kiunoni. "Mbele ya mashahidi."

"Hewala."

Soli akavua ndala, akatumbukiza mguu, akasimama. Akazunguka meza. Akaongeza na madaha, akatembea mwendo wa bibi harusi, shingo upande, mpaka benchi zima likavunjika mbavu. Jirani yake muuza mitumba, waliyemwita Bei Chee, aliacha nguo zake akaja kuchutama mlangoni aone sinema.

"Godoro!" Soli alisema. "Nakwambia godoro tupu. Labda nyuki alikuwa nyuki kweli."

Watu wakacheka tena. Matroni hakucheka. Alinyoosha mkono, akapewa kiatu, akakielekeza kwenye mwanga, akachungulia ndani. Kisha akanyamaza, na kunyamaza kwa mtu yule lilikuwa jambo geni. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Fundi. Humu mna damu."

"Yako hiyo."

"Yangu ilikuwa tone, nikaifuta. Hii ni mbichi. Hebu inua mguu wako."

"Ah, matroni nawe..."

"Inua, bwana!" alisema Bei Chee, ambaye kutoka pale alipochutama alikuwa ameshaona.

Soli akainua. Damu ilikuwa imechora mstari kutoka chini ya kidole cha pili mpaka kisiginoni, na pale kisiginoni ilikuwa inadondoka bila haraka. Aliitazama sakafu kama mtu anayetazama maji yaliyomwagwa na mwingine. Hapakuwa na maumivu yoyote. Angeapa kwa lolote kwamba hakuna kilichomgusa.

"Hukusikia?" matroni aliuliza.

"Sugu hiyo. Mguu wa kazi umekomaa."

Alilisema akitabasamu, lakini safari hii tabasamu lilikuwa lake peke yake. Wateja wakaanza kukumbuka shughuli zao. Fundi, nitapitia kesho. Fundi, kile changu hakina haraka, nipe tu nikae nacho. Wa mwisho alikuwa mzee mmoja aliyemletea viatu tangu wote wawili wana nywele nyeusi. Viatu vyake vilikuwa tayari. Mzee akaviokota, akaingiza mkono ndani ya kimoja akapapasa, akaingiza ndani ya kingine akapapasa, Soli anamtazama, ndipo akalipa na kuaga. Msumari haukumuuma Soli, lakini hilo lilimuuma.

* * *

Sukari alikuwa nayo, na alijua. Vidonge vilikuwa kabatini, akivinywa siku anazovikumbuka. Siku ile alipopewa habari hizo kliniki, sista alimwambia, "Na miguu, baba, uiangalie kila siku." Soli akamjibu, "Sista, mimi kutwa kucha kazi yangu ni kuangalia miguu." Foleni nzima ikacheka, sista naye akacheka, na somo likaishia hapo.

Miguu ya watu aliiangalia kweli. Alijua mtaani nani anakanyagia ukingo wa nje, nani mguu mmoja ni mrefu kuliko mwenzake, nani anajinyima kiatu kipya ili watoto wavae. Yake mwenyewe hakuijua. Nyayo zake alikuwa hajaziona siku nyingi. Goti halikukunjika tena kama zamani, na nani ana muda wa kujipinda kama mwanasarakasi? Na ganzi yenyewe ilikuja kwa adabu, polepole, kama mgeni anayehamia kwako kwa kuleta shati moja moja. Ilifika mahali akawa anahisi amevaa soksi nene hata akiwa peku. Akadhani ndio ukomavu.

Alichofanya mchana ule, kibanda kikiwa kimebaki kitupu, ni jambo ambalo fundi viatu peke yake angeweza kulifikiria. Aliupangusa mguu kwa kitambaa. Akachukua gundi, ile ya njano ya kubandikia soli, akaipaka kwenye tundu. Akasubiri ikauke kidogo, maana gundi mbichi haishiki. Akakata kipande cha ngozi laini, akakibandika, akakigongagonga kwa ubavu wa nyundo. Kilikuwa kiraka safi, kingo zimelala vizuri. Ukitaka kucheka, cheka. Lakini mtu hujitibu kwa kile anachokijua, na Soli alijua kuziba matundu.

Akavaa soksi, akavaa kiatu, akaendelea na maisha. Siku zilipopita kiatu kikaanza kumkataa. Asubuhi hakiingii, jioni hakitoki. Mwenye akili zake angejua mguu umevimba. Soli alijua pia, nadhani, huko ndani kabisa mtu anakoficha mambo. Lakini hakuutibu mguu, alikitanua kiatu. Akakilowesha, akakivisha kwenye kalibu, ule mguu wa mti wa kutanulia viatu, akakiacha kilale hivyo. Kulipokucha kikamwingia vizuri, akajisifu mwenyewe kwa sauti kubwa.

* * *

Mkewe alikuwa akifua mashuka ya nyumba ya wageni. Jioni moja alirudi kazini na uso wa mtu aliyekwisha kuamua. Hakuvua hata mtandio. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya mumewe, aliyekuwa amejikunyata kwenye kochi na blanketi mpaka kidevuni, anatetemeka ilhali joto la mchana bado liko chumbani.

"Vua soksi."

"Salamu imepotelea wapi, mama watoto?"

"Vua soksi."

"Miguu inanuka. Ngoja kwanza nikaoge."

"Hiyo harufu ndiyo ninayoifuata. Tangu juzi nageuza godoro nikidhani kuna panya amefia humu."

"Nani kakuchokoza huko utokako?"

"Matroni. Kanifuata mpaka kwenye karo la kufulia. Nikajifunga kibwebwe, nikasema leo atanitambua kwa yale aliyokufanyia mbele za watu. Kumbe hakuja kugomba. Kaniambia, 'Dada, mumeo alisimama juu ya msumari, akatembea akicheka. Tangu siku ile mimi silali.'"

Soli akageukia ukutani. Katika ndoa yao yote hakupenda mkewe amshike miguu. Mtu anayeishi kwa kutania miguu ya wenzake huwa anaijua adhabu yake. Lakini safari hii palikuwa na kubwa zaidi ya aibu. Mtaa wa pili alikuwepo fundi baiskeli, rafiki yake wa kucheza naye bao, aliyeingia hospitali na kidonda cha kidole akatoka na gongo. Spana zake aliziuza, na siku hizi hukaa mlangoni kwake akihesabu wapita njia. Soli ndiye anayemtengenezea viatu. Humtengenezea kimoja kimoja, cha kushoto tu.

"Wataukata," aliuambia ukuta. "Nikienda huko wataukata."

"Na usipoenda?"

Mkewe hakusubiri jibu; alilivuta blanketi, akaishika soksi, akaivua mwenyewe. Soli aliusikia mlio wa kitambaa kikibanduka kilipogandia, kwa masikio tu, mguu wenyewe haukumwambia kitu. Akangoja neno la mkewe.

"Unaona nini?"

Kimya.

"Mama watoto, sema basi. Mimi huko sioni."

"Naona kiraka," alisema mwishowe. "Mume wangu, umejitia kiraka?"

"Cha muda tu."

"Cha muda! Wewe ni mtu au ni buti?" Akacheka, ikamponyoka tu, na kicheko hakikufika mbali kabla hakijageuka kilio. Akaushika ule mguu kwa mikono yake iliyochujuka kwa sabuni, akaupakata. "Mimi kila siku nafua mashuka ya watu nisiowajua hata kwa sura, na sijaziba pua hata siku moja. Leo unanificha miguu mimi? Mimi ni mkeo au mpangaji mwenzako?"

Soli alitafuta neno la mzaha. Yalikuwa mengi sikuzote, na yote yalikuwa yamekimbia.

"Naogopa," alisema.

"Hata mimi naogopa. Tutaogopea hukohuko hospitali. Inuka."

"Kesho asubuhi."

"Kesho iko mbali. Inuka, na huo mguu usiukanyagie."

Bei Chee akaitwa na mkokoteni wake wa mitumba. Akamlaza Soli juu ya robota la makoti, mkewe akashika upande, wakaingia barabarani jua likizama. Watu waliokuwa wakimwamkia kila siku wakasimama kutazama. Soli akajifunika uso kwa mkono wa koti la mtu asiyemjua. Akasikia sauti ya kijana fulani ikiuliza, kwa utani, "Bei gani huyo?"

"Huyu hauzwi!" Bei Chee alijibu bila kupunguza mwendo. "Pisha njia!"

* * *

Daktari alikuwa binti ambaye angeweza kuwa mwanawe wa mwisho. Alikilowesha kile kiraka kwa maji ya dawa, akakibandua taratibu, na hakusema neno lolote baya. Soli alikuwa amejiandaa kusemwa. Upole ule ulimwelemea kuliko matusi.

"Ni gundi gani hii, baba?"

"Ya soli."

"Inashika kweli."

"Ni nzuri," alikiri Soli, kwa aibu.

"Ndiyo shida yake. Imeufungia uchafu ndani, usaha ukakosa pa kutokea, ukapanda." Akachukua kifimbo chenye uzi mwembamba wa plastiki nchani. "Hebu fumba macho. Nitakugusa kwa uzi huu mahali mbalimbali, huku na huku. Ukisikia, sema ndiyo."

Soli akafumba. Hakusikia kitu. Lakini mtu mzima atakaaje kimya mbele ya mkewe kama mtoto wa shule aliyekosa jibu? Akabahatisha.

"Ndiyo."

Kimya.

"Ndiyo." Kimya tena. "Ndiyo, hapo hapo, kwenye kidole gumba kabisa."

"Baba," alisema daktari, "bado sijaanza."

Soli akafumbua macho. Mkewe alikuwa anatazama sakafu, makusudi, ili asimwone anavyofedheheka. Kwa hisani ile ndogo Soli alimshukuru moyoni, na pengine ndiyo iliyomfungua mdomo.

"Sisikii kitu," alisema. "Huo wala wa pili. Ni muda mrefu. Nilikuwa navitoa viatu vya watu nikisema salama, na wala nilikuwa sijui kama ni salama."

"Ahsante," alisema daktari. "Sasa ndiyo tunaweza kufanya kazi." Akavuta kiti, akakaa, akamweleza bila kuzungusha. Sukari ilikuwa juu sana. Uchafu ulikuwa umeshafika kwenye mfupa wa kidole. Angepewa dawa za mshipa usiku ule, na asubuhi wangemwingiza chumba cha upasuaji wausafishe mguu. "Kidole hicho siwezi kukuahidi. Mguu nitaupigania. Lakini nikifungua nikakuta umeoza kwenda juu, baba, itabidi nichague kati ya mguu na wewe. Unaniruhusu?"

Soli alimfikiria rafiki yake pale mlangoni, na kiatu kimoja. Alifikiria meza yake, kalibu yake, nani atamletea kiatu fundi asiyeweza kusimama. Akamtazama mkewe. Mkewe alimshika mkono, akaubana mpaka ukauma. Mkono, wenyewe, ulikuwa bado unauma vizuri.

"Kata kinachoua," alisema Soli. "Niachie kinachobaki."

* * *

Alipozinduka ilikuwa mchana, na mwanga wa dirishani ulikuwa umelala juu ya kitanda. Chini kule miguuni blanketi lilikuwa limeinuliwa na tao la chuma, lisiguse kidonda, kwa hiyo halikuonyesha umbo lolote. Lilikuwa kama hema tu. Ndani ya hema kuna nini, Soli hakujua.

Mtu mwingine angejua. Angesikia maumivu, au angesikia pengo. Yeye angejuaje? Mguu ukiwepo, hausikii. Usipokuwepo, hausikii vilevile. Alijaribu kuchezesha vidole, akakaza uso wote, akangoja, na hakuna habari iliyorudi kutoka huko. Jasho likamtoka. Ilikuwa mara ya kwanza kuuogopa ule utulivu aliouita ukomavu. Angetoa kila alichonacho, na meza na kalibu na mdomo wake juu, ili pamuume.

Mkewe alikuwa amesinzia kwenye kiti, kichwa kimeegemea ukingo wa kitanda. Kumwamsha lilikuwa jambo la kunyoosha mkono tu. Soli hakumwamsha. Kama habari ilikuwa mbaya, basi alitaka kubaki na mguu wake kwa muda kidogo zaidi.

Mwishowe mwanamke aliinua kichwa mwenyewe, akajifuta mdomo, akamkuta mumewe macho yamemtoka.

"Umeamka! Mbona hukuniita?"

"Wamekatia wapi?"

"Daktari hajakwambia?"

"Niambie wewe. Wamekatia wapi?"

Alisimama. Hakulifunua blanketi. Aliuingiza mkono chini ya hema, polepole, akainama kama anayetafuta yai chini ya kuku.

"Nimekushika. Unajua nimekushika wapi?"

"Sijui. Mama watoto, usinitese."

"Kisigino," alisema. "Hiki hapa, kigumu kama wewe mwenyewe. Nimekishika chote." Mkono ukasogea. "Hapa katikati ya unyayo. Hapa ndipo bandeji inaanzia, siigusi. Hapa kidole gumba, kimechungulia. Hapa..." Akasita. "Hapa pamebaki nafasi. Cha pili kimeondoka, mume wangu. Kimeondoka hicho tu. Hiki hapa cha kati, hiki hapa, na hiki kidogo hapa. Viko. Tangu walipokurudisha nimevishika mpaka sista akanifukuza."

Soli alilia. Alilia kwa sauti, wodi nzima ikasikia, na mgonjwa wa kitanda cha pili akageuza uso kwa heshima. Alimshukuru Mungu, akamshukuru binti yule daktari, akamshukuru Bei Chee na mkokoteni wake, akamshukuru na matroni, kwa majina yote ya ukali aliyokuwa amemwita moyoni. Mkewe akawa anacheka na kulia, mkono bado uko chini ya blanketi.

"Kimoja, baba watoto. Unalilia kidole kimoja?"

"Sililii kidole," alisema. "Naulilia huo mguu uliobaki."

* * *

Kupona kulichukua muda wake. Alitembelea magongo mpaka kwapa zikaota sugu, maana daktari alimkataza kuukanyagia mguu mpaka kidonda kifunge, na mara hii alitii. Vidonge alivinywa vyote. Kwenda na ndala au peku, hata chooni, kulikwisha. Hata usiku anapoamka huvaa kiatu kilichofunika vidole, na kabla hajavaa huingiza mkono, akapapasa, kama yule mzee aliyemuumiza roho. Kisu chake cha soli, ambacho zamani alikichongea sugu zake, kilibaki kwenye soli.

Jioni mkewe huleta beseni. Maji huyapima yeye, kwa kiwiko, kwa sababu mguu wa Soli ungeweza kuchemshwa ukasema ahsante. Humwosha, humkausha mpaka katikati ya vidole, humpaka mafuta kwenye unyayo na kuacha mianya mikavu, kisha huinua mguu mmoja baada ya mwingine kwenye taa na kumsomea habari.

"Kulia salama. Kushoto, kisiginoni, kuna mpasuko mdogo umeanza."

"Niletee gundi."

"Nitakupiga na hili beseni!"

Na kwa kweli hakukuwa na saa nyingine katika siku aliyoipenda kama hiyo. Aibu ilimtoka, hakujua hata imetokea wapi. Kuna wanaume huzeeka bila kujua kama kuna mtu anayejua nyayo zao.

Kibanda kilipofunguliwa tena, mtu wa kwanza kufika alikuwa matroni. Alikuja bila sauti yake. Alisimama mlangoni, mfuko mkononi, akiangalia yale magongo yaliyoegemezwa mezani.

"Fundi, nimekuja kukuomba radhi. Nilikudhalilisha mbele za wateja wako. Ningekuita pembeni nikwambie kistaarabu."

"Dada yangu," alisema Soli, "ungeniita pembeni ningekuchekesha. Ungeondoka unacheka, na mimi leo ningekuwa chini ya udongo na kiraka changu. Ahsante kwa makelele yako. Mungu akuzidishie makelele."

Matroni akacheka, sauti yake ikarudi yote, ikasikika mpaka kwa Bei Chee. Akatoa kwenye mfuko viatu vyake vya kazini, soli zimeachia.

"Ila utavijaribia wapi sasa? Maana huo mguu..."

"Huu umestaafu. Nimeajiri mwingine."

Mkewe alikuwa ndani, ametoka kazini kwake na kuja kumsaidia kama alivyofanya mchana kila siku tangu kibanda kifunguliwe. Soli alishona, akagonga, akakata, akaingiza mkono akapapasa kwanza kila pembe. Kisha akamkabidhi. Mwanamke akavua ndala, akatumbukiza mguu, akasimama, akaanza kuzunguka meza.

"Mama yangu weee!"

Akaruka kwa mguu mmoja, akashika bega la matroni wasianguke wote wawili. "Msumari! Uko hapa, mbele, shetani huyu!"

Soli aliangua kicheko, na machozi yakaja nyuma yake.

"Mimi naumia, wewe unacheka?"

"Nashukuru, mama watoto. Nashukuru tu."

Akakiweka kando kiatu. Akamkalisha mkewe kwenye benchi, akajiinamisha kwa shida mpaka chini, goti likilia, akaushika mguu wa mkewe, akaugeuza kwenye mwanga. Palikuwa na tone dogo la damu. Akalifuta kwa kidole, akangoja aone kama litarudi, halikurudi. Akautazama unyayo wote, kutoka kisiginoni mpaka vidoleni, wala hakufanya haraka.

"Uko salama," alimwambia. "Haya, nipe koleo."